Tulipuliza Dawa Kila Mahali, Tukasahau Visigino

Binti yangu alikuwa amebakiza miezi mitano kutimiza miaka kumi siku ukumbi wake wa jimnastiki ulipofungwa, Jumanne ya Machi 17, 2020. Tunaishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, katika kitongoji kimoja cha Minneapolis ambako Mswahili hakosi mtu wa kusalimiana naye dukani. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na wakati ule nilikuwa nikifanya kazi ya kuhudumia wazee katika makazi yao. Gavana Tim Walz alikuwa ameamuru baa, migahawa na kumbi za mazoezi zifungwe kuanzia saa kumi na moja jioni ya siku hiyo. Kocha alituandikia kwamba tungeonana baada ya wiki mbili. Wiki mbili hizo zilizaa karibu miezi mitatu.

Naandika haya kwa wazazi wenzangu ambao watoto wao wako kwenye michezo ya kuruka na kupinduka, iwe jimnastiki au sarakasi za kawaida za mtaani, kwa sababu korona si sababu pekee ya kumweka mtoto nje ya mazoezi. Mtoto anaweza kukaa nje miezi mitatu kwa kuvunjika mkono, kwa safari ya kwenda kwa bibi, au kwa ada iliyokosekana, na siku ya kurudi mambo yanayomsubiri ni yaleyale. Sisi tulirudi vibaya mara ya kwanza na vizuri zaidi mara ya pili. Sikujifunza tofauti ya mara hizo mbili kwa kusoma.

Kwa asiyeujua mchezo huu, jimnastiki ya wasichana ina vifaa vinne: meza ya kurukia, fito mbili zisizolingana kimo, boriti, na zulia la sakafu. Boriti ina upana wa sentimita 10 tu na husimama sentimita 125 kutoka chini, yaani mtoto anatembea, anaruka na kujipindua juu ya kitu kisichozidi sana upana wa kiganja changu, kikiwa juu kuliko meza ya kulia. Binti yangu alikuwa daraja la nne la mchezo huo, akifanya mazoezi saa 12 kwa wiki kwa ada ya dola 290 kwa mwezi. Mama yangu, nilipomtumia video ya kwanza kwa WhatsApp, aliuliza kama kweli mimi ndiye ninayelipa ili mjukuu wake arushwe namna ile, au wao ndio wanaonilipa mimi.

Ukumbi ulituomba tuendelee kulipa nusu ya ada wakati wa kufungwa, ili makocha wasiachishwe kazi. Nililipa, na sijutii. Ninachojutia ni hesabu iliyoanza kichwani mwangu tangu siku hiyo, kwamba kila dola inayotoka lazima irudi kwa namna fulani. Mara tatu kwa wiki watoto walikusanyika kwenye Zoom kufanya mazoezi ya nguvu. Kocha alikuwa ameandika wazi kwamba nyumbani mtoto asijipindue. Afanye kazi ya tumbo na mabega, apige msamba, asimame kwa mikono akiwa ameegemeza miguu ukutani, basi. Nilisoma ujumbe ule nikaona ni maneno ya mtu anayejikinga na kesi. Nikaagiza boriti fupi ya kulaza sakafuni na godoro jembamba la kukunja, vyote kwa dola 200, nikaviweka katika chumba cha chini ya nyumba, ambako kuna zulia la kawaida juu ya zege.

Sakafu ya ukumbi wa jimnastiki si sakafu. Chini ya lile zulia la mita 12 kwa 12 kuna mbao zilizokalia springi, na juu ya mbao kuna tabaka la sponji, kiasi kwamba mtu mzima akitembea juu yake huhisi anarudishwa juu kidogo kwa kila hatua. Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Mwezi Mei, nikiwa kazini na baba yake akiwa jikoni, mtoto alijaribu kujibinua nyuma juu ya ile boriti fupi, mkono mmoja ukakosa, na kifundo cha mkono kikaumia. Hakikuvunjika. Picha ya eksirei na daktari vilinitoka dola 310 mfukoni, kwa kuwa bima yangu haianzi kuchangia mpaka nimelipa mwenyewe kiasi fulani kila mwaka. Kwa hiyo, mzazi, ikiwa kocha amekuambia mtoto asipinduke nyumbani, mwamini. Anayekosekana nyumbani si godoro tu. Ni yule mtu anayesimama pembeni akijua mkono wake uende wapi sekunde ile mtoto anapopotea hewani.

Miezi ile kazini kwangu ilikuwa ya kuogofya. Sehemu kubwa ya vifo vya mwanzo vya korona jimboni kwetu ilitokea katika makazi ya wazee, na nilikuwa nikivua nguo za kazi kwenye gereji kabla ya kuingia ndani. Kazi ile ilinifundisha mambo mengi kuhusu maambukizi, na nasema hivi bila majivuno, kwa maana utaona ujuzi huo ulinifikisha wapi.

Kumbi za mazoezi ziliruhusiwa kufunguliwa Juni 10, kwa masharti ya kutozidisha robo ya watu ambao jengo linaruhusiwa kuwapokea. Ukumbi wetu ulituma mwongozo wa kurasa tisa. Watoto waligawanywa katika makundi ya tisa na kocha wao mmoja, na kundi moja halikuruhusiwa kuchanganyika na lingine hata chooni. Mtoto alitakiwa aje amevaa tayari, kwa sababu vyumba vya kubadilishia nguo vilifungwa. Mlangoni alipimwa joto na kuulizwa maswali: una kikohozi, kuna mgonjwa nyumbani, umesafiri? Wazazi tulibaki ndani ya magari, tukiangalia kwa simu picha ya kamera iliyowekwa juu ya kabati, ambamo watoto wote walionekana kama siafu waliovaa nguo za kung'aa.

Siku ya tatu niliruhusiwa kuingia dakika chache kusaini karatasi, na ndipo nilipoona habari ya chaki. Zamani palikuwa na bakuli kubwa la chaki juu ya kigingi karibu na fito, na mikono yote ya klabu ilichovya mle. Watoto huitumia ili viganja visiteleze, na ili ishike vizuri huilowesha kidogo. Nisifiche, binti yangu na wenzake walikuwa wakitema mate viganjani, wakisugua, kisha wakichovya. Miaka miwili nimeliona jambo hilo bila kushtuka. Sasa kila mtoto alikuwa na kopo lake la plastiki lenye mfuniko, jina limeandikwa kwa kalamu nene, na chupa ndogo ya maji ya kupuliza. Nilimwona akifungua kopo, akipuliza maji mara mbili, akipaka chaki taratibu mpaka katikati ya vidole, akafunga na kulirudisha kopo katika mstari uliochorwa ukutani. Ilikuwa kazi ya sekunde 30 ambayo zamani ilichukua tatu. Kama kuna jambo moja la enzi ile ambalo kumbi zote zingepaswa kubaki nalo, ni hilo la kila mtoto na kopo lake.

Shimo la sponji lilifunikwa kwa turubai na magodoro juu yake. Shimo hilo ni tundu kubwa lililojazwa vipande vya sponji, ambamo mtoto anayejifunza mruko mpya huangukia bila kuumia. Haliwezekani kusafishwa: vipande ni maelfu, kila kimoja kinanyonya jasho. Kulifunika kulikuwa uamuzi sahihi, lakini maana yake ni kwamba mahali laini kuliko pote pa kutua palikuwa pameondolewa wakati ambapo watoto walipahitaji kuliko wakati wowote. Hilo sikulitambua wakati ule.

Nililolitambua ni dawa. Kazini kwetu tunajua kwamba dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi kwa kupakwa na kufutwa papo hapo. Kila chupa ina maelekezo ya muda ambao sehemu inapaswa kubaki na unyevu, nyingine dakika moja, nyingine 10. Kijana wa ukumbini alikuwa akipuliza godoro na kulifuta kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Tena alipuliza fito, ambazo zimevikwa mbao inayonyonya maji na kuharibika, na boriti, ambayo ngozi yake haitaki kuloweshwa. Nilimweleza meneja kwa adabu: magodoro ya plastiki yapulizwe na yaachwe, fito na boriti ziachwe kavu, na badala yake mikono ya watoto isafishwe kabla na baada ya kila kifaa. Nilimwomba pia afungue lile lango kubwa la nyuma la kupakulia mizigo na kuweka mafeni mawili yanayotoa hewa nje. Alikubali yote. Nilirudi garini nimejaa fahari, nikijiona mama aliyeokoa klabu. Mwezi Aprili 2021, CDC, yaani taasisi ya Marekani ya udhibiti wa magonjwa, ilieleza kwamba hatari ya kuambukizwa kwa kugusa sehemu zenye virusi ni ndogo, kwa makadirio chini ya mara moja katika kila miguso 10,000 ya namna hiyo. Lango lililofunguliwa lilikuwa na faida kuliko chupa zote zile.

Katika kurasa tisa za mwongozo, mwili wa mtoto ulipewa aya moja fupi: kwamba makocha wangeanza polepole. Na kweli walianza polepole, kwa wiki moja na nusu. Kisha wazazi tukaanza. Mmoja aliuliza lini watoto watarudi kwenye boriti ndefu, mwingine akataja klabu ya jirani ambayo tayari ilikuwa ikirusha watoto, na mimi nikaandika kwamba ningependa binti yangu awe tayari kupanda daraja la tano msimu wa baridi ukianza. Zaidi ya hapo nikaomba masomo ya ziada ya peke yake, dola 65 kwa saa, mara mbili kwa wiki, wiki tano. Hesabu yake ni dola 650. Sikulazimishwa na mtu. Ile hesabu ya kichwani, ya dola zinazotakiwa kurudi, ndiyo iliyoandika ujumbe ule.

Kilichokuwa kimetokea katika mwili wake kilionekana wazi kwa yeyote aliyetaka kuona. Suruali za Machi zilikuwa zimepanda juu ya vifundo. Alikuwa ameongezeka sentimita nne, na mtoto aliyerefuka namna hiyo hupinduka kama mtu aliyekabidhiwa miguu ya mwingine: anazunguka polepole zaidi, anafika chini kabla hajamaliza, anatua kwa visigino badala ya kutua kwa mguu mzima na magoti yaliyokunjwa. Ngozi ya viganja ilikuwa imelainika, ikachanika wiki ya kwanza kwenye fito. Halafu kulikuwa na suala la mkono wa kocha. Katika mchezo huu kocha humshika mtoto mgongoni na pajani mara mia kwa siku. Ndivyo mruko unavyofundishwa. Kwa kuwa umbali ulitakiwa kutunzwa, ukumbi ulikuwa umepunguza kushika, na mtoto aliyekuwa akijipindua kwa mkono wa kocha Machi alitakiwa ama auache mruko huo au aufanye peke yake. Uamuzi sahihi ni kuuacha. Binti yangu aliufanya peke yake, kwa sababu hakutaka kuonekana amerudi nyuma, na mimi niliyekuwa garini nikipiga picha ya kioo cha simu nilifurahi.

Asubuhi moja ya Agosti nilimwona akishuka ngazi za nyumbani kwa ncha za vidole, kama mtu anayepita chumba alimolala mtoto mchanga. Nikamuuliza anamnyemelea nani.

“Nafanya mazoezi, mama.”

“Ya nini saa moja asubuhi? Hebu shuka kawaida nikuone.”

Alikanyaga ngazi moja kwa kisigino, uso ukamkunjamana, akakaa palepale. Nilipombana akasema vilikuwa vikimuuma tangu katikati ya Julai. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu bila lawama yoyote, kama mtu anayetaja bei ya kitu: “Ulisema tumeshalipa.”

Daktari alitaja maradhi ya Sever. Si virusi wala si mvunjiko. Nyuma ya kisigino cha mtoto anayekua kuna sehemu ya gegedu ambako mfupa bado unaongezeka, na kano kubwa ya nyuma ya mguu imejishikiza hapo. Mifupa ikirefuka kwa kasi, misuli ya shavu la mguu hubaki nyuma na kuvuta gegedu hiyo kila mtoto anaporuka na kutua. Huwapata zaidi watoto wa miaka 8 hadi 14 wenye michezo ya kukimbia na kuruka. Hupona, alituhakikishia, lakini si kwa kupuuzwa. Aliagizwa apumzike na miruko kwa wiki sita, avae visigino vya jeli ndani ya viatu, akandwe kwa barafu, na aanze fiziotherapia. Daktari dola 180. Vipindi sita vya fiziotherapia kwa dola 45, jumla 270. Ukichanganya na mkono wa Mei na yale masomo ya ziada yaliyomfikisha hapo, ni dola 1,410, na boriti ya sakafuni sijaihesabu.

Mtaalamu wa fiziotherapia, mzee mmoja mpole mwenye barakoa mbili, aliniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza: kwa siku moja ya mazoezi, binti yako anatua mara ngapi? Sikujua. Akanituma nihesabu kwa ile kamera ya ukumbini, nikitazama mazoezi ya mtoto mwingine wa daraja lake. Nilifika 150 nikiwa bado sijamaliza saa ya pili. Akanieleza kwamba makocha wa nguvu wa vyuo vya Marekani wana kanuni ya kumrudisha mchezaji aliyekaa nje: wiki ya kwanza kazi ipunguzwe kwa asilimia 50 ya ile aliyoizoea, ya pili 30, ya tatu 20, ya nne 10. Hao ni watu wazima. Kwa mtoto aliyekua akiwa nje, yeye alipendelea kila hatua ichukue wiki mbili. Akaongeza alama ya kuangalia ambayo mpaka leo ndiyo ninayoitumia: maumivu ya jioni yanayokwisha usiku yanavumilika, lakini yanayoamka naye asubuhi yanamaanisha kazi ya jana ilizidi, na ya leo ipunguzwe. Alinishauri pia nimpime kimo kila mwanzo wa mwezi, mlangoni, kwa penseli. Akirefuka zaidi ya nusu sentimita kwa mwezi, nimwambie kocha.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hata Suni Lee, mwanajimnastiki ambaye watoto wa jimbo letu walikuwa wakimtazama kama nyota yao, alivunjika mfupa wa mguu mwaka huohuo wa 2020, baada ya kurejea mazoezini. Alikuwa akifanyia mazoezi upande wa pili wa miji yetu pacha, Minneapolis na St. Paul. Ni binti wa St. Paul, wa jamii ya Wahmong yenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, na korona ilikuwa imemwondolea shangazi na mjomba. Sisemi alivunjika kwa sababu ileile. Sijui mguu wake. Nilimtajia binti yangu habari hiyo ili ajue kwamba kukaa nje hakumfanyi mtu aachwe. Alitulia kidogo, akauliza kama Suni naye alikuwa anatumia visigino vya jeli.

Alirudi taratibu mwishoni mwa Septemba. Sasa nifike kwenye kosa ambalo linanikaa vibaya kuliko mengine. Katikati ya Oktoba mfanyakazi mwenzangu alipatikana na korona, nami nikaambiwa nipime. Ilikuwa Jumanne, siku ya mazoezi, na majibu yangechukua siku tatu. Maswali ya mlangoni yaliuliza wazi kama kuna mtu nyumbani anayesubiri majibu. Nilijua jibu langu lingemrudisha mtoto nyumbani, naye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutabasamu tena. Nikabonyeza “hapana”. Usiku sikulala. Jumatano asubuhi nilimpigia meneja nikamwambia ukweli wote, akanyamaza, akasema asante kwa kuniambia, kwa sauti ambayo sikuwa na haki ya kutarajia iliyo bora zaidi. Majibu yalikuja hasi. Lakini katika kundi lile kulikuwa na mtoto mwenye pumu aliyekuwa akiishi na babu yake, na mimi, mtu wa makazi ya wazee, ndiye niliyeubonyeza uongo ule.

Wiki tatu baadaye mtoto mmoja katika kundi alipatikana na korona, na ukumbi ulichukua siku tatu kutujulisha. Kundi zima likawekwa karantini siku 14. Wazazi waliwaka moto, nami nilikuwa nimeshaandika ujumbe mkali nusu ukurasa kabla sijakumbuka Jumanne yangu. Niliufuta, nikaandika maswali mawili tu: nani ana jukumu la kutoa taarifa, na ndani ya saa ngapi? Walijibu kwamba kuanzia hapo taarifa ingetoka ndani ya saa 24 na mtu mmoja angetajwa. Maswali hayo ndiyo ambayo mzazi anapaswa kuuliza siku ya kwanza kabla hajalipa, pamoja na la tatu: ada ya siku za karantini inakuwaje? Kwetu haikurudishwa. Nimegundua pia kwamba ukumbi usiofidia siku za kukaa nyumbani unawalipa watu ili wafiche.

Novemba 20 usiku michezo yote ya vijana ilisimamishwa tena kwa wiki nne, na mazoezi yalikuja kuruhusiwa Januari 4, 2021. Safari hii ile boriti ya sakafuni nilikuwa nimeshaiuza kwa dola 50. Nyumbani alifanya yale ya fiziotherapia: kuinuka kwa vidole ukingoni mwa ngazi, kunyoosha mashavu ya miguu, kutua kutoka kwenye kigoda kifupi mara 20 tu kwa siku, magoti yakikunjwa bila sauti. Sheria yetu ilikuwa kwamba nikisikia kishindo nikiwa jikoni, zoezi limekwisha. Kuhusu viganja, alikuwa akining'inia kwenye bomba la mlangoni dakika chache kila siku ili ngozi isilainike. Mlangoni penseli ilionyesha sentimita moja kwa miezi miwili.

Kabla ya Januari 4 niliomba kikao cha simu na kocha, nikamwambia jambo ambalo nilipaswa kulisema Juni: binti yangu asipandishwe daraja mwaka huu. Kocha alicheka kwa nafuu. Alisema katika miezi ile hakuna mzazi mwingine aliyempigia kuomba mtoto acheleweshwe. Tulikubaliana wiki nane. Wiki mbili za kwanza nusu ya kazi, kutua kote kwenye magodoro mazito, hakuna kuruka kutoka kwenye fito wala boriti ndefu. Watoto walivaa barakoa muda wote isipokuwa wakiwa juu ya kifaa, kwa sababu barakoa inaweza kunasa au kumpanda mtoto machoni akiwa kichwa chini. Kando ya boriti palifungwa kamba yenye vibanio vya nguo, kila kibanio na jina, na barakoa zikining'inia pale kama nguo za mtoto mchanga uani.

Visigino havikurudi kuuma. Kilichobaki ni woga. Kujibinua nyuma kwa mikono juu ya boriti, jambo alilolifanya kabla ya korona akiwa anaongea, sasa alisimama, akainua mikono, akahesabu, akaishusha. Niliona kwenye kamera: mara 11 jioni moja. Zamani ningemsemesha njiani kurudi nyumbani. Kocha alinikataza kulitaja hata kwa kumtia moyo. Yeye alimrudisha kwenye mstari uliochorwa sakafuni, kisha boriti ya chini, kisha ya juu iliyozungushiwa magodoro mpaka ukingoni, kisha akaanza kutoa godoro moja kila baada ya siku kadhaa. Wakati huo alikuwa ameruhusiwa tena kumshika, akiwa na barakoa na mikono iliyosafishwa kati ya mtoto na mtoto. Godoro la mwisho lilitolewa wiki ya mwisho ya Machi. Ilichukua miezi mitatu kurudisha kitu cha sekunde moja, na sidhani kama kulikuwa na njia ya mkato ambayo isingetugharimu mguu au mkono.

Mashindano yake ya kwanza baada ya mwaka mzima yalikuwa Aprili, ya video. Kila klabu ilirekodi watoto wake katika ukumbi wake yenyewe na kuwatumia waamuzi. Wazazi hatukuruhusiwa kuingia. Kwenye video ukumbi umetulia kiasi kwamba unasikia mafeni ya lango la nyuma, unasikia mfuniko wa kopo la chaki ukifungwa, kisha nyayo zake juu ya boriti. Alijibinua mara moja, akayumba, mguu mmoja ukainuka hewani kutafuta mizani, akabaki juu. Nilimtumia bibi yake Tanga.

Alipiga simu baada ya dakika tano. Alikuwa ameitazama mara mbili.

“Mjukuu wangu hajaanguka,” alisema. “Sasa mbona hao watu hawampigii makofi?”

“Hakuna watu, mama. Ni korona.”

“Basi mpe simu,” akasema, na nilipompa binti yangu simu nilisikia makofi ya mtu mmoja yakitoka kwenye spika, marefu, na nyuma yake jogoo wa jirani.